Miguu ya Benchi

Neno "mwizi" halina mama. Likishamtoka mtu kinywani, kila anayelisikia hulilea kama lake, na kabla hujauliza limezaliwa wapi, limekwisha kuua. Jioni ile huko Kariobangi neno hilo lilianzia kando ya kanisa la mbao, likapita kwa kina mama waliopanga foleni ya maji, likamkuta Mzee Irungu karakanani mwake ameinamia kitanda cha mteja, randa mkononi.

Irungu aliiweka randa chini, akatoka na vumbi lake la mbao. Alikuwa fundi seremala, tena mzee kiongozi wa kanisa lile. Mchungaji alikuwa na makanisa mengi, akija mara moja kwa mwezi kubatiza na kumega mkate. Siku nyingine zote mwenye kundi alikuwa Irungu. Alikuwa mtu wa kimo na sauti nzito, na hakuwa na desturi ya kuambiwa. Mteja akirudi kulalamika kwamba kiti kinayumba, Irungu humtazama kutoka utosini hadi kwenye viatu, kisha humjibu, "Kiti changu kimesimama. Sakafu yako ndiyo mbovu." Watu walicheka, wakazoea, wakaweka vipande vya kadibodi chini ya viti vyao.

Mbele ya kanisa umati ulikuwa umefunga duara. Ndani ya duara walikuwa vijana wa ulinzi, na aliyewaongoza ni Ngigi, kifungua mimba wa Irungu mwenyewe. Marungu waliyoshika yalitoka karakanani kwa Irungu. Ni hivi: wezi walikuwa wamevunja kanisa, wakachukua ngoma na mapazia, wakapasua benchi la mbele kwa ukorofi tu. Huo ulikuwa mwaka uliofuata zile vurugu za Agosti, wanajeshi walipojaribu kuipindua serikali, na mitaa yote ilikuwa ikilala jicho moja wazi. Basi Irungu aliichukua miguu ya lile benchi, akaichonga vishikio, na Jumapili akawaita vijana mbele, akayapaka marungu yale mafuta, akayaombea. "Bwana, mikono hii isichoke." Kanisa zima likaitika amina.

Mikono ilikuwa haijachoka.

"Mpigeni magotini! Anaiba mpaka kwa Mungu!"

"Leo kanisa limeota meno, wallahi," alisema mwanamke mmoja mwenye mtungi kichwani, akicheka.

Mtu aliyekuwa chini alijikunja kama kiluwiluwi, mikono kichwani. Shati lilikuwa limechanika mgongoni na nyama chini yake imefunguka. Kando yake ilikuwepo taa ya karabai ya kanisa, kioo kimesagika, imetoka nusu kwenye koti alilokuwa ameifungia. Teke lilimpata mbavuni, akageuka chali, akamwona Irungu.

"Mzee! Mzee Irungu, waambie! Si wewe uliniambia niipeleke kwa fundi? Ndiyo nairudisha! Mzee!"

Alikuwa Mulama, kijana wa kibarua viwandani, mtu wa upande wa Kakamega. Alikuwa ameokoka majuzi, na alikuwa bado akikaa karibu na mlango kama mgeni.

Ngigi aligeuka, jasho likimchuruzika, rungu limelowa hadi kwenye kishikio. "Baba, unamjua huyu?"

Irungu alimjua. Alikumbuka Jumapili ile watu wakitoka ibadani, yeye mlangoni akipokea mikono, na kijana huyu amesimama kando: "Mzee, hii taa pampu yake inavuja. Kuna fundi namjua Kiamaiko, kule kwa machinjio ya mbuzi." Na yeye, huku akimsalimu mwingine, amejibu, "Haya, peleka, peleka," kama mtu anayefukuza kuku. Alilikumbuka jambo lote kwa mpigo mmoja. Kisha akauona umati, akawaona vijana na mafuta yake juu ya marungu yao, akaona jinsi neno "nilimtuma" lingewaangukia wote na kumwangukia yeye kwanza.

Jicho moja la Mulama lilikuwa limefumbwa na uvimbe. Lile jingine lilikuwa machoni pa Irungu.

"Watu wengi huingia kanisani," Irungu alisema kwa sauti yake ya mimbarani. "Mungu peke yake ndiye ajuaye moyo wa kila mtu."

Hakusema ndiyo, hakusema la. Ngigi alisikia alichotaka kusikia. Rungu lilipanda, likashuka chini ya goti la Mulama, na mlio uliotoka fundi aliujua, maana ndio mlio wa ubao mkavu ukivunjiwa pajani.

Hapo mwanamke mmoja aliupasua umati kwa viwiko, mwiko wa mandazi bado mkononi, mafuta yakidondoka. Alikuwa Lenah, mke wa Wasike, aliyekaanga mandazi nyumba ya tatu kutoka kanisani. Alijirusha juu ya Mulama jinsi kuku anavyofunika kifaranga. Rungu la kijana mwingine lilikuwa limekwisha kupaa, halikuweza kurudi, likamshukia begani. Watu walisema "Aaai!" kwa pamoja. Lenah hakulia. Aliinua uso, akampita Ngigi kwa macho, akamfikia baba yake.

"Mzee Irungu," alisema. "Nimekuona."

*

Damu haifuliwi kwa maji ya moto. Jecinta, mke wa Irungu, alilijua hilo, kwa hiyo alikuwa uani na karai la maji baridi na chumvi, akisugua shati la mwanawe, maji yakigeuka rangi ya chai ya rangi. Alimwaga, akaweka mengine, yakageuka tena.

Ndani, Ngigi alikuwa akila kwa pupa ya mtu aliyetoka kazini. Siku nyingi alikuwa akirudi kutoka Umoja, kwenye nyumba zilizokuwa zikijengwa, bila kibarua na bila la kusema. Leo alikuwa nalo.

"Makarao walimchukua kwa Landrova," alisema mdomo umejaa. "Wamemfunga pingu kwenye kitanda cha hospitali. Mguu umetundikwa juu, mkono umefungwa chini. Kama mbuzi wa Kiamaiko! Akipata kusimama tu, kortini. Mkubwa wa kituo amesema kinachobaki ni Baba kwenda Jumatatu kuandikisha kwamba taa iliibwa. Utaenda, sivyo, Baba?"

Irungu alikuwa amepewa chai, haikunywewa. Ngigi alikuwa na jina la babu yake, baba mzazi wa Irungu, kama ilivyo desturi ya mtoto wa kwanza. Kwa hiyo Irungu naye alimwita mwanawe "Baba" tangu akiwa wa kubebwa. Watu wa upande wao wanaelewa ugumu wake. Utamkemeaje mtu unayemwita baba?

"Nitaenda, Baba," alisema.

Kule uani mikono ya Jecinta ilisimama ndani ya karai. Jumapili ya taa alikuwa mlangoni pa kanisa, hatua moja nyuma ya mume wake, akikusanya vitabu vya nyimbo. Alisikia. Lakini shati alilokuwa akilifua ni la mtoto aliyemzaa. Akaanza kusugua upya.

*

Ushirika wa wandugu ulikutana kila Alhamisi alasiri nyumbani kwa Irungu. Waliokaa humo walikuwa watu wa uamsho, na watu wa uamsho wana njia yao: hapana mkubwa wala mdogo, kila mmoja hutembea nuruni. Ukiona dhambi kwa ndugu yako humsengenyi kisimani. Unasimama mbele ya wote unamweka nuruni, naye anashukuru na kutubu. Irungu alikuwa hodari wa kazi hiyo. Alimweka nuruni Dada Kavutha kwa sababu ya viatu vya kisigino kirefu. Alimweka nuruni Wasike kwa kusikiliza mpira redioni Jumapili, na Wasike akaacha kuja. Yeye mwenyewe, tangu aupokee uongozi, hakuna aliyewahi kumweka popote.

Lenah aliingia mkono wake umefungwa kwa leso shingoni. Alikaa chini, mkekani. Wimbo ulipokwisha na ushuhuda wa kwanza kupita, akasimama.

"Bwana asifiwe."

"Asifiwe."

"Wandugu, mimi sina maneno mengi. Nataka kumweka nuruni Mzee wetu."

Lenah alimgeukia Irungu.

"Mzee, Mulama hakuiba taa. Aliniambia mwenyewe Jumapili, akipita kwangu kununua mandazi, ameikumbatia kama mtoto: 'Dada, Mzee ameniamini na taa ya Bwana.' Alifurahi, masikini! Na siku ile akiwa chini alikuita. Ulimwona, ukamjua. Mimi nilikuwa nimekutazama usoni, uso wako ulimjua, halafu ukaufunga kama mlango. Nimetoka hospitalini. Mfupa umetoka nje ya ngozi. Hata akitaka kujigeuza hawezi, pingu inamvuta. Neno lako moja litaifungua. Jumatatu unaenda kituoni. Nakuomba, ndugu yangu, useme ukweli."

Irungu aliwageukia wandugu. Wote walikuwa wakitazama mikono yao.

"Mama Nalianya," alisema polepole, akimwita kwa jina la mtoto wake, "umekuja na Roho au umekuja na ukabila?"

"Mzee?"

"Nauliza. Huyo ni mtu wa kwenu. Nyinyi watu wa magharibi mnafunikana kama vyungu. Kijana anakamatwa na taa ya kanisa ndani ya koti, jioni, na wewe unakuja hapa kumshtaki aliyekulisha neno!"

"Ningekuwa nafunika," alisema Lenah, "ningekaa nyumbani na bega langu. Mimi sikumshtaki mtu kwa jirani. Nimekuja kukuambia usoni. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Ndugu mmoja alikohoa. Irungu aliona kikohozi kile kikielekea upande usiofaa. Sasa, ushirika una desturi nyingine: ndugu akizidisha maneno, mtu huanzisha wimbo kwa upole, na wote wakaitikia, naye akaketi bila kuaibika. Irungu alisimama wima, akapiga makofi, akauanzisha wimbo wa damu ya Yesu kwa sauti ya kutikisa mabati. Mmoja akaitikia, akafuata mwingine. Mdomo wa Lenah ulikuwa bado ukienda, ila hakusikika tena.

Hakuketi. Walimaliza ubeti wa kwanza, yuko wima. Walirudia, yuko wima, mdomo sasa umefungwa, machozi yakishuka bila yeye kuyapangusa, mkono ukiwa shingoni kwa leso. Wimbo ulipokwisha Irungu aliuanzisha tena. Kwenye ubeti wa mwisho sauti moja ilikuwa imekosekana, ile nyembamba ambayo siku zote ilipanda juu ya nyingine. Irungu aligeuka. Jecinta alikuwa amekaa penye mlango wa jikoni, midomo imebanwa.

*

Wandugu walipoondoka, Jecinta alikusanya vikombe. Akavirudisha mezani vyote, akasimama.

"Baba Ngigi. Na mimi nilikusikia."

"Ulisikia nini?"

"'Haya, peleka, peleka.' Nilikuwa nyuma yako na vitabu."

Irungu aliinama kukunja mkeka.

"Ngigi nimemzaa mimi," Jecinta aliendelea kwa sauti ile nyembamba. "Nikisema, nimemfunga mwanangu kwa ulimi wangu. Nikinyamaza, nimemfunga mtoto wa mwanamke mwenzangu. Siku hizi zote nafua, nafua. Wewe ndiye mzee wa kanisa. Wewe ndiye ungesema, mimi nipumzike. Lakini umeuchukua wimbo wa Mungu ukamziba nao mtu mdomo! Wewe, Baba Ngigi, unaogopa kuambiwa kuliko unavyoogopa Mungu."

Mkono ulitoka kabla ya akili. Kofi lilimpata shavuni na sikioni. Jecinta alirudi nyuma, nyonga ikagonga meza, vikombe vikaporomoka vyote na kupasukia sakafuni. Damu kidogo ilimtoka puani. Aliishika kwa kiganja, akaitazama, kama mtu anayetazama kitu alichokitarajia.

"Haya," alisema. "Leo nitafua ya kwangu."

Aliinama kuokota vigae. Irungu alibaki na mkono wake hewani. Alitaka kusema kitu, na kitu pekee kilichomjia ulimini ni kwamba sakafu ndiyo mbovu.

Hawakusemezana Ijumaa kutwa. Alikwenda karakanani, akashika msumeno, ukamkataa. Kila mara aliposikia ubao ukilia aliusikia mguu.

*

Jumamosi asubuhi Jecinta alitokea mlangoni pa karakana, shavu limevimba, hakujifunika.

"Mwanao yuko kwa Mama Nalianya na marungu yako," alisema. "Wameambiwa alikusema. Nenda ukawaimbie."

Irungu alikimbia na aproni yake.

Meza ya mandazi ilikuwa imepinduliwa. Unga ulikuwa umetapakaa matopeni, na sufuria ya mafuta ya moto ilikuwa imemwagika. Lenah alikuwa ameketi mlangoni pake, mguu umenyooshwa mbele, ngozi ya juu ya wayo ikichubuka kama ya ndizi. Alikuwa akiuma leso. Mbele yake alisimama mume wake Wasike, aliyetoka zamu ya usiku kiwandani, bomba la chuma mikononi, macho mekundu. Na mbele ya Wasike alikuwa Ngigi na wenzake. Mmoja wao alikuwa amekwisha kuonja lile bomba. Alikaa chini ameshika taya, akitema meno na damu. Umati ulikuwa unakusanyika kwa ile haraka yake.

"Kuja!" Wasike alikuwa akisema. "Kuja wewe, mtoto wa kanisa! Nitakuweka nuruni mimi!"

"Mama huyu amemtukana baba yangu mbele ya watu!" alipaza Ngigi. "Aombe msamaha, tuende."

"Ngigi," alisema Irungu.

"Rudi karakana, Baba. Hii ni kazi yetu. Wewe mwenyewe uliipaka mafuta."

Ndipo Irungu akaingia katikati. Mgongo wake aliuelekeza kwa Wasike na lile bomba, uso kwa mwanawe. Alifungua kinywa akitafuta ile sauti ya mimbarani, haikuja. Iliyokuja ilikuwa ya mtu wa kawaida, kavu.

"Mulama hakuiba taa. Mimi nilimtuma kwa fundi."

"Nini?"

"Nilimtuma mimi. Siku ile akiwa chini nilimjua. Aliniita, nikamjua, nikasema maneno ya kupita kando. Mama Nalianya aliniambia ukweli, nikamwimbia. Mke wangu aliniambia, nikampiga. Hakuna aliyenitukana. Waliniambia ukweli."

Mtu nyuma akapiga mluzi. "Kumbe buda ndiye mwizi mwenyewe!" Kicheko kilipasuka. "Mpakeni mafuta na yeye!" Jiwe liliruka, likamchana Irungu juu ya nyusi, damu ikashuka ikaingia jichoni. Hakulipangusa.

Uso wa Ngigi ulikuwa umegeuka majivu. Wenzake wawili walikuwa tayari wakijipenyeza kurudi nyuma, marungu yamefichwa makotini. "Unaniambia nilimvunja mtu bure?" alisema, sauti imepanda kama ya mtoto. "Nilikuuliza! Nilikuuliza mbele ya watu wote, Baba, unamjua? Ungesema! Ungesema neno moja tu, ningeacha!"

"Ni kweli."

"Usiniambie ni kweli!"

Rungu lilikuja. Huenda Ngigi mwenyewe hakujua lilikuwa likienda wapi, kichwani kwa baba yake au kwa dunia nzima. Irungu aliinua mkono wa kushoto, ule unaoshika ubao wakati wa kulia unapopiga msumari, na pigo likatua juu ya vidole. Ulisikika ule mlio. Irungu alipiga magoti matopeni kati ya mandazi, mkono umebanwa kifuani, akitweta.

"Baba," alimwambia mwanawe kutoka chini. "Baba, lete hilo rungu. Nililichonga mimi."

Ngigi alilitazama rungu kama limemwota mkononi. Likamdondoka. Akakaa chini palepale, akajifunika uso kwa shati, akalia kwa sauti, na umati uliotaka damu zaidi ukaanza kuona haya na kutawanyika.

Wasike alilishusha bomba. Lenah, mlangoni, alitoa leso mdomoni.

"Mzee," alisema, jasho la maumivu likimtoka. "Hapa umesema kwa sababu mambo yamekwisha kuharibika. Aliyefungwa pingu hayuko hapa."

Angeweza kumwambia kwamba mkono umevunjika, kwamba leo amekwisha kulipa. Maneno hayo yalifika mpaka kwenye meno.

"Kweli, mama," alisema. "Nakwenda sasa."

Hakungoja Jumatatu. Alikwenda kituoni mkono umefungwa kwa aproni, damu imemkaukia shavuni, na Ngigi akamfuata nyuma bila kuitwa, na Jecinta nyuma ya Ngigi, rungu limezungushiwa gazeti. Mkubwa wa kituo alikasirika kusumbuliwa. Kesi yake ilikuwa imekaa sawa. Aliwatukana wote, akamuuliza Irungu kama kanisani kwao wanafundishwa kupotezea serikali wakati, akamsimamisha ukutani na vidole vyake vinavyovimba hadi alipomaliza chai. Irungu alisimama. Alisema jambo lile tena, kutoka mwanzo, likaandikwa. Jioni pingu ya Mulama ilifunguliwa. Jioni hiyohiyo Ngigi alifungwa pingu, na Jecinta alirudi nyumbani peke yake, akitembea mbele ya mume wake umbali wa nyumba kadhaa, asimngoje.

*

Mchungaji alipokuja, Irungu alisimama mbele ya kanisa akayasema yote bila kupamba. Alipofika penye wimbo, alitua, na Jecinta akasimama upande wa kina mama.

"Na mimi alinipiga," alisema. "Asije akalisahau hilo, au akalitaja haraka-haraka kati ya mengine."

"Nilimpiga," alisema Irungu. "Alikuwa ameniambia kwamba naogopa kuambiwa."

Alivuliwa uongozi, akahamia nyuma karibu na mlango, pale alipokuwa akikaa Mulama. Ngigi alihukumiwa. Kila mwezi Jecinta alimpelekea sabuni gerezani, na muda mrefu alimpikia Irungu na kumwekea chakula bila neno. Yeye alikula, akaosha sahani mwenyewe kwa mkono mmoja, naye bila neno, kwa sababu hakuwa na la kudai.

Vidole viwili havikunyooka tena. Alijifunza kushikilia ubao kwa goti. Alizunguka nyumba za wale vijana akaomba marungu yake. Mengine alipewa, moja alilikuta jikoni likisongewa ugali. Lile la Ngigi halikurudi, lilibaki kwa polisi kama ushahidi. Basi akaukata mguu mmoja mpya wa mbao nyeupe, akaunga na ile ya zamani iliyojaa mibonyeo, akalirudisha benchi la mbele mahali pake.

Jumapili ile watu walikuwa wameanza kuingia. Mulama alikuja na gongo, mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenziwe, akasimama kando ya benchi akaitazama ile miguu muda mrefu. Irungu aliondoka mlangoni akamwendea. Walikuwa wamekwisha kuonana hospitalini, na Mulama alikuwa amemwambia wazi kwamba msamaha utakuja ukija, asimharakishe. Hata sasa hakumpa mkono. Ila aliegemeza gongo, akaketi. Lenah akaketi kando yake, mguu wenye kovu mbele.

Benchi likainama upande mmoja: ko! Likarudi: ko!

"Linayumba," alisema Lenah.

Waliokuwa karibu wakageuka. Kavutha alijiziba mdomo kwa leso. Mtoto wa Lenah, Nalianya, aliitazama sakafu ya simenti ya kanisa, kisha akamtazama mzee, akingoja. Wote walilijua jibu; walikuwa wamelisikia miaka na miaka. Hata Jecinta, kule kwa kina mama, aliacha kufungua kitabu chake.

Irungu alipiga magoti pole pole, mkono wenye vidole vilivyopinda ukiegemea simenti. Aliitoa penseli nyuma ya sikio.

"Nionyeshe," alisema. "Ni mguu upi?"

"Huu mpya," alisema Lenah.

"Na ule wa nyuma pia," alisema Mulama.